Terabaiti Moja ni Disketi Ngapi?

Haya ndiyo niliyosema kwenye mkusanyiko wetu wa watunza kumbukumbu. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu wote, asanteni kwa kuja.

Nimeshika kitu kwa vidole viwili. Walio nyuma hamkioni, najua. Hata walio mbele hamkioni vizuri. Ni memori kadi, ile ndogo ya kuchomeka kwenye simu: urefu milimita 15, upana milimita 11, unene milimita moja. Nikiidondosha tutapiga magoti sote kuitafuta. Ndani yake mna terabaiti moja.

Terabaiti moja. Baiti, yaani nafasi za herufi moja moja, 1,000,000,000,000. Namba mmeisikia, lakini je, mmeiona? Mimi siioni. Nimeshinda na mafaili ya kompyuta kwa zaidi ya miaka ishirini na bado siioni. Zipange sifuri kumi na mbili kwenye mstari mmoja, jicho linachoka likifika ya saba.

Sasa tazameni mkono wangu wa pili. Hiki mnakiona hadi kule mlangoni. Disketi ya inchi tatu na nusu. Baadhi ya vijana humu mnaijua kama kijipicha tu cha kubonyeza unapotaka kuhifadhi faili; wengine tuliibeba kwenye mfuko wa shati. Swali langu la leo ni hili: yaliyomo katika mkono huu wa kulia, yakihamia katika huu wa kushoto, tutahitaji mikono mingapi?

Mtaniuliza kwa nini nihangaike na kipimo kilichokwisha kufa. Nami nawauliza: haba na haba hujaza nini? Kibaba! Mmejibu kwa pamoja, wakubwa kwa wadogo. Haya, mwenye kibaba nyumbani kwake anyooshe mkono. Simwoni hata mmoja. Kibaba hatukitumii tena kupimia, lakini bado tunakitumia kufikiria, kwa sababu ni kipimo kilichowahi kushikwa na mkono wa mtu. Disketi nayo iko hivyo. Imeshikwa, imehesabiwa, imepotea ikatafutwa. Ndiyo maana inaweza kutusaidia kuiona terabaiti, ambayo haijawahi kushikwa na mtu yeyote.

Ila tuhesabu kwa uaminifu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, na si kwa kutojua kugawanya.

Nilipoanza kazi tulikuwa wanagenzi wanne. Mama aliyetufundisha akaandika ubaoni: gigabaiti moja ni disketi ngapi? Mimi nikajibu 695. Wa pili akasema 712. Wa tatu, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, akasema 729. Wa nne, ambaye hakuwa msemaji, akasema 679. Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na hesabu sahihi. Yule mama hakumkosoa yeyote. Aliuliza neno moja tu: "Baiti?"

Alitaka turudi kwenye baiti. Tukarudi. Disketi ile ina nyuso 2. Kila uso una njia 80. Kila njia ina vipande 18, na kila kipande kinabeba baiti 512. Zidisheni: 1,474,560. Hicho ndicho kiasi chake halisi. Basi ile 1.44 ya kwenye lebo imetoka wapi? Imetoka kwa mtu aliyegawanya kwanza kwa 1,024, ile elfu ya kompyuta inayotokana na mbili kuzidishwa mara kumi, akapata 1,440, kisha akagawanya kwa 1,000. Ni kipimo chotara. Si megabaiti ya elfu kwa elfu, wala si ile ya 1,024 kwa 1,024. Mamilioni kwa mamilioni ya disketi zilichapwa namba ambayo haiko katika mfumo wowote wa vipimo!

Mimi nilikuwa nimegawanya 1,000 kwa 1.44. Wa pili aligawanya 1,024 kwa 1.44. Wa tatu aliihesabu gigabaiti kwa 1,024 mara tatu, akaigawanya kwa baiti halisi za disketi. Wa nne alichukua baiti bilioni moja, akagawanya kwa baiti halisi. Mwaka 1998 tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme ilitenga majina mapya, kibibaiti na mebibaiti na wenzake, kwa ajili ya hesabu ya 1,024, ili kilo na mega na giga zibaki na elfu zake. Majina hayo hayajazoeleka midomoni, nasi bado tunabishana. Mimi leo nitahesabu kama yule mkimya: giga ni bilioni, tera ni trilioni, na disketi ni baiti 1,474,560.

Kisha mama yule akatuongezea jibu la tano. Disketi ikishapigwa fomati, yaani ikishaandaliwa kupokea mafaili, vipande 33 vinachukuliwa na orodha na ramani ya mafaili yenyewe. Zinazobaki kwa mtumiaji ni baiti 1,457,664. Kwa hiyo gigabaiti ni disketi 687. Majibu matano kwa swali moja, yote ya kweli! Tangu siku ile mtu akiniambia "hii ni sawa na disketi kadhaa" namwuliza kwanza ameanzia wapi.

Sasa twende nyuma zaidi ya disketi, ndugu zangu, maana hapo ndipo picha inapofunguka.

Chukueni simu zenu. Fungueni picha moja mliyopiga leo asubuhi. Tuseme ina megabaiti nne, yaani baiti milioni nne. Nyingi ziko hapo hapo. Mnamo Septemba 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine iitwayo RAMAC, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na diski ya sumaku ndani. Diski zake zilikuwa sahani 50, kila sahani na kipenyo cha sentimita 61, zimepangwa kwenye mhimili mmoja unaozunguka. Uzito wake ulipita tani moja. Ilibeba herufi milioni tano za biti sita (biti ni alama moja tu, sifuri au moja), yaani ukizigeuza kuwa baiti zetu za biti nane unapata megabaiti 3.75. Mmeona? Picha yako ya asubuhi haingii. Mashine nzima, tani nzima, sahani hamsini, na picha moja inabaki nje na kichwa chake.

Kabla ya RAMAC, na kwa miaka mingi baada yake, kulikuwa na kadi za kutoboa, vipande vya karatasi ngumu vilivyobeba data kwa matundu. Kadi ya IBM ya mwaka 1928 ilikuwa na safu 80, kila safu herufi moja, na unene wa milimita 0.178. Picha yako ni kadi 50,000. Zilikuwa zikija kwenye maboksi ya kadi 2,000, kwa hiyo ni maboksi 25. Ukizibebanisha zinafika karibu mita tisa kwenda juu. Na ole wako ziporomoke! Waliofanya kazi hiyo walikuwa na desturi ya kuchora mstari wa mshazari kwa kalamu juu ya ukingo wa rundo zima, ili zikimwagika sakafuni wazipange tena kwa kuufuata ule mstari. Napenda sana jambo hilo. Mtu ana data inayosomwa na mashine, lakini kinachomwokoa ni kalamu na jicho.

Tuijenge basi minara. Terabaiti moja, ile niliyoishika hapa, tuigeuze kuwa rundo la kila chombo kilichopita.

Kwa kadi za kutoboa ni kadi bilioni 12.5. Rundo lake ni kilomita 2,225. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kikiwa juu yetu kama kilomita 400. Rundo letu linakipita na kukiacha mbali chini.

Kwa disketi ni 678,169. Kila moja ina unene wa milimita 3.3. Rundo ni mita 2,238. Nazo terabaiti nne, ambazo ni diski moja ya kawaida ya kuhifadhia leo, zinafika mita 8,950 na kuupita mlima Everest kwa mita mia moja hivi.

Kwa CD za dakika 80, zile tulizoita za megabaiti 700 lakini kwa baiti halisi ni 737,280,000, ni CD 1,357. Unene wa kila moja ni milimita 1.2. Rundo ni mita 1.63. Ni kimo cha mtu. Nikisimama kando yake tunatazamana.

Na kwa hii memori kadi? Milimita moja.

Nirudie, maana siku nilipoipanga orodha hii mezani kwangu nilinyamaza kwa muda mrefu. Kilomita elfu mbili. Kilomita mbili. Mita moja na nusu. Milimita moja. Kila hatua imepunguza kimo kwa mara elfu hivi! Kadi hadi disketi, karibu elfu kamili. Disketi hadi CD, elfu na mia tatu na ushee. CD hadi memori kadi, elfu na mia sita. Tunazoea kusema kilobaiti, megabaiti, gigabaiti, terabaiti kana kwamba ni majina ya ukoo tu. Lakini kila jina ni elfu ya lililotangulia, na hizi hapa elfu zenyewe, zimesimama mbele yetu kama minara. Waliotengeneza vyombo hivi hawakuambizana. Imetokea hivyo, kutoka 1928 hadi 2019, mwaka memori kadi ndogo za terabaiti zilipoingia sokoni.

Hata hivyo, nina jambo la kuikosoa minara hii, na nalisema kwa sababu nimewahi kuitumia kuwavutia watu bila kuwaambia upande wake wa pili. Mnara unatia chumvi. Hakuna anayehifadhi disketi kwa kuzibebanisha moja juu ya nyingine hadi mawinguni. Tuziweke chumbani. Disketi ina milimita 90 kwa 94 kwa 3.3. Zile 678,169, zenye rundo la kilomita mbili na robo, zinajaza mita za ujazo 19. Hicho ni chumba cha mita tatu kwa tatu, zikiishia mita mbili na kidogo kutoka sakafuni. Chumba kimoja cha kulala! Mnara wa kutisha umekuwa stoo. Ila uhurumieni ile sakafu: tukikadiria gramu 20 kwa kila disketi, kuna zaidi ya tani 13 juu yake.

Ukienda kwenye namba kubwa kabisa tofauti hiyo inazidi. Zetabaiti ni terabaiti bilioni moja. Mnara wa disketi za zetabaiti moja una kilomita bilioni 2.2, mara kumi na tano ya umbali wa kutoka hapa hadi kwenye jua. Mtu akisikia hivyo anashika kichwa. Lakini zikipangwa kama mchemraba, kila upande una kilomita 2.7. Ukiuzunguka kwa miguu ni kilomita kumi na ushee. Ukitoka asubuhi, adhuhuri umerudi. Data ni ile ile na disketi ni zile zile, ila kimoja kinamfanya msikilizaji akate tamaa na kingine kinamfanya afikirie jengo. Mwaka 2018 kampuni ya utafiti ya IDC ilikadiria kwamba data yote ya dunia kwa mwaka huo ilikuwa zetabaiti 33. Ni michemraba 33 ya aina hiyo. Ni mingi kweli, lakini akili inaweza kuizunguka.

Kwa hiyo mimi kipimo ninachokiamini zaidi si kimo wala ujazo. Ni muda. Ni nani atakayekaa pale, achomeke, asubiri, atoe, achomeke nyingine?

Disketi iliyojaa, ukijumlisha kuichomeka na kuitoa, ichukulie dakika moja. Terabaiti moja ni siku 471 bila kulala, bila kula, bila kuinua kichwa. Na kabla ya disketi kulikuwa na kaseti, zile zile za muziki. Kulikuwa na mfumo mmoja wa miaka ya sabini uliorekodi data kwa milio miwili, kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, huku kila baiti ikihitaji biti 11 pamoja na alama za kuanza na kumaliza. Picha yako ya asubuhi kwa mfumo huo ni zaidi ya saa 40 za kusikiliza mluzi. Picha moja!

Nina kisa cha kweli kuhusu hili. Aprili 2017 wanasayansi waliunganisha darubini za redio nane zilizotawanyika duniani, wakazitumia kutafuta picha ya kiini cha galaksi ya M87. Walikusanya data ya petabaiti tano hivi, yaani terabaiti elfu tano. Mnajua waliisafirishaje? Kwa ndege. Si kwa intaneti. Intaneti ingewachelewesha mno. Walichukua diski ngumu zenye uzito wa karibu nusu tani, wakazipeleka Massachusetts na Bonn zikachakatwe. Zile za Ncha ya Kusini zilikwama huko kwa miezi, kwa sababu wakati wa baridi kuu ndege hazitui. Dunia nzima ya sayansi ikangoja diski zitoke barafuni. Tarehe 10 Aprili 2019 ndipo tukaonyeshwa ile duara ya rangi ya chungwa yenye kiza katikati, picha ya kwanza ya shimo jeusi, kile kitu cha angani ambacho hata mwanga hauponyoki kwenye mvuto wake.

Geuzeni petabaiti hizo tano kuwa disketi. Ni bilioni 3.39. Kwa dakika moja moja, mtu mmoja angehitaji miaka 6,400 na zaidi. Ili amalize mwaka 2019, angepaswa kuanza kuchomeka disketi kabla piramidi za Giza hazijajengwa. Kimo cha rundo hakinielezi kitu kuhusu shimo jeusi. Miaka hiyo inanieleza, maana sasa najua kwamba picha ile haikungoja akili ya watu peke yake. Ilingoja pia chombo cha kubebea.

Ndugu zangu, nimewageuzia data mpya kuwa vyombo vya zamani. Kazi yetu sisi humu ni kinyume chake: vyombo vya zamani tunavyo, tunataka data itoke. Na hapo kinachoamua si ukubwa tena.

Mwaka 1986 Waingereza waliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, sensa ya mali iliyoandikwa mwaka 1086. BBC ikaandaa toleo jipya kwa kompyuta. Zaidi ya watu milioni moja walichangia, wengi wao watoto wa shule, wakaandika kuhusu maisha ya mahali pao na kupiga picha. Yote yakawekwa kwenye santuri za leza za aina ya pekee. Haikupita hata miaka ishirini, mashine za kuzisoma zikawa adimu kiasi kwamba ilibidi wataalamu wazijengee mradi maalumu wa uokoaji. Kitabu cha ngozi cha mwaka 1086 kilikuwa bado kinasomwa na yeyote anayejua lugha yake.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha Nancy Evans. Mwaka 1966 na 1967 Marekani ilirusha vyombo vitano kuuzunguka mwezi na kuupiga picha, ili wajue watu watatua wapi. Picha hizo zilirekodiwa kwenye mikanda mikubwa ya sumaku, ikapatikana mikanda ipatayo 1,500. Ilisomwa na mashine za kampuni ya Ampex zenye ukubwa wa friji. Miaka ikapita, watu wakafika mwezini, wakarudi, mikanda ikawa mzigo. Nancy Evans alikuwa mtunza kumbukumbu, kama mimi na wewe. Akakataa itupwe. Na zaidi ya kuilinda mikanda alifanya jambo ambalo wengi wetu tungelisahau: alizitafuta mashine za kuisomea, akazihifadhi kwenye banda la gari nyumbani kwake. Kwa miaka mingi! Mashine mbovu, nzito, zisizomwingizia chochote.

Baadaye kikundi cha wataalamu kilizichukua, kikazipeleka kwenye kituo cha NASA cha Ames, ndani ya jengo lililokuwa mgahawa wa McDonald's, kikazifufua kwa vipuri vya kuokoteza. Novemba 2008 wakatoa picha ya kwanza: dunia ikichomoza juu ya upeo wa mwezi, iliyopigwa Agosti 1966. Ilikuwa na undani ambao watu wa mwaka 1966 hawakuwahi kuuona, kwa sababu mikanda ilikuwa imebeba mengi kuliko yale yaliyochapwa magazetini.

Sasa niambieni, mikanda ile ilikuwa sawa na disketi ngapi? Naweza kuwapigia hesabu. Lakini bila banda la Mama Nancy, jibu lingekuwa sifuri.

Sony waliacha kutengeneza disketi mwaka 2011. Serikali ya Japani ilimaliza kufuta kanuni zaidi ya 1,000 zilizodai nyaraka ziletwe kwa disketi na vyombo vya namna hiyo mwaka 2024, juzi tu. Maana yake ni kwamba disketi zenye mambo ya maana bado ziko kwenye droo. Ziko na kwenu. Nilipowatangazia mkutano huu niliwaomba mje na mlizonazo, na nimeona mifuko mlipokuwa mkiingia.

Pale kwenye meza ya nyuma, upande wa dirisha, nimeweka visomeo viwili vya inchi tatu na nusu na kimoja cha inchi tano na robo. Nimevisafisha vichwa vyake jana usiku na vyote vinafanya kazi. Kabla hujaleta disketi yako ya inchi tatu na nusu, fungua kile kitundu cha pembeni ili isiandikwe juu yake kwa bahati mbaya. Kwa zile za inchi tano na robo, bandika karatasi kwenye pengo la ubavuni. Kama ina ukungu usiichomeke. Nipe mimi mkononi. Andika jina la mwenyewe na mwaka unaoukumbuka, hata kama huna hakika. Tutanakili diski nzima, kipande kwa kipande, si mafaili yanayoonekana tu.

Dakika moja kwa disketi, nimewaambia. Nimehesabu mifuko: tuna kazi ya hadi saa kumi na moja jioni. Wazee watangulie.